Simu Iliyotembea Bila Mwenyewe

Hakuna mtu Tabora nzima anayetunza siri kama mimi. Ukibisha, waulize majirani zangu wa Ng'ambo. Siri zote nilizotunza wanazijua.

Hii nayo nimeitunza vizuri mpaka leo asubuhi. Basi sogea.

Kwa mujibu wa ramani, Nyamizi alikuwa ndani ya Land Cruiser nyeupe, kilomita nne mbele, akitokea Ipole kwenda Tabora kwa mwendo wa tisini.

Kwa mujibu wa makalio yake, alikuwa juu ya pikipiki aina ya Boxer, nyuma kabisa, jua la saa saba likimchoma mgongo.

Ramani ilikuwa kwenye Samsung aliyoifunga kwenye usukani. Nukta nyekundu ilikuwa inateleza juu ya barabara kama siafu aliyetumwa. Nukta ile ilikuwa Nyamizi. Simu ya Nyamizi, laini ya Nyamizi, iliyosajiliwa kwa vidole vya Nyamizi. Mahakama yoyote ingeapa kwamba ni yeye.

Alikuwa anajifukuza mwenyewe.

Na alikuwa anashindwa.

Sauti ikaingia sikioni, kavu kama muhogo wa juzi.

"Kware, hapa Mlingoti. Uko wapi?"

"Inategemea unamuuliza nani, Mkuu."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi niko Sikonge, nakata kona. Simu yangu imeshapita."

 Mzee Sabiri, ambaye redioni huitwa Mlingoti, hakuwa mtu wa mizaha. Alikuwa mkuu wa ofisi ambayo haina kibao mlangoni wala jina kwenye karatasi. Wenyewe wanaiita Ghorofa ya Tatu, na jengo lenyewe lina ghorofa mbili. Hapo ndipo ujue ni watu wa siri.

Nyamizi alikuwa mkono wa ofisi hiyo huku magharibi. Miaka thelathini na minne, mwembamba, Glock 19 chini ya kwapa, hana mume. Hilo la mwisho si sehemu ya hadithi, lakini mama yake aliniomba nikiandika nisilisahau.

Akakunja mkono wa mafuta. Boxer ikapiga kelele, ikakubali.

Miezi minne nyuma, Ghorofa ya Tatu ilikuwa imenasa mzigo kwenye njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wakienda Ujiji. Magamba ya kakakuona, magunia kwa magunia, yamefichwa ndani ya marobota ya tumbaku. Juu yake ndoo tatu za asali zenye muhuri wa mrina asali mmoja wa Ipole, Sixbert Lugembe. Waliokuwa na mzigo walikimbia. Hakukamatwa mtu.

Nyamizi akamfuata Sixbert mpaka sokoni Tabora, alikokuja kuuza asali. Akamfunga pingu. Akachukua simu yake, Tecno ya kawaida, akaichomeka kwenye kisanduku cheusi chenye waya tisa ambacho Ghorofa ya Tatu ilikuwa imekipata mwaka ule. Kisanduku kile hakiombi. Kinakwangua simu mpaka kwenye ukoko: ulimpigia nani, ulisimama wapi, ulikaa muda gani, mnara upi ulikuona. Baada ya saa mbili kikatapika kurasa elfu sita mia moja na kumi na nne.

Simu ya Sixbert ilikuwa imesafiri na ule mzigo hatua kwa hatua. Ilikuwa imempigia mnunuzi mara nne.

Nyamizi alipongezwa. Sixbert akapelekwa mahabusu. Kosa la nyara za Serikali, miaka thelathini, dhamana hakuna.

Shida ilianza baadaye. Sixbert alikuwa ndani, na magamba yakaendelea kutoka.

Ndiyo maana Jumanne ile asubuhi Nyamizi alitumwa Ipole. Amri ilikuja kwa ujumbe wa maneno manne: *Mzinga una malkia mwingine.* Mzee Sabiri aliamini Sixbert ana mwenzake. Nyamizi naye aliamini. Ukishamfunga mtu, msomaji wangu, ni raha zaidi kuamini kwamba ana mwenzake kuliko kuamini kwamba hana kosa.

Akavaa khanga, akafunga kilemba, akajifanya mpwa wa mrina asali anayekwenda porini kusaidia mavuno. Mkononi alikuwa na simu ya mtego. Ukiitazama ni simu ya kawaida, lakini ndani ina masikio: hurekodi sauti hata ikizimwa kioo, na hutuma mahali ilipo kila baada ya sekunde kumi.

Alitaka pa kuichaji. Akaelekezwa kwa Revocatus.

Kibanda cha Revocatus kina sola mbili juu ya bati na ubao mrefu ndani. Juu ya ubao simu zaidi ya thelathini zimelala kama vifaranga. Warina asali wakiingia porini hukaa wiki mbili, tatu. Huko hakuna umeme, hakuna mtandao, na wazee wanasema nyuki hapendi mlio wa kitu kisicho na mabawa. Kwa hiyo simu hubaki kwa Revocatus.

Revocatus alikata kipande cha plasta, ile ya kufungia vidonda, akakibandika mgongoni mwa simu. Akashika kalamu.

"Jina?"

"Nyamizi."

"Namba ya siri?"

"Ya nini?"

Revocatus alimtazama kama mtu aliyeuliza maji ni ya nini. "Wakipiga, nikupokelee. Ukifiwa wewe uko porini, nani atakwambia?"

Nyamizi akamtajia. Jamaa akaiandika juu ya plasta, tarakimu nne, kubwa, zinasomeka hata na mtu mwenye mtoto wa jicho. Kisha simu moja ikalia ubaoni. Revocatus akaiokota, akaipindua, akasoma jina, akaipokea. Akasema mwenyewe yuko kwenye mizinga, atarudi Ijumaa, aambiwe nini? Akarudisha simu mahali pake.

Nyamizi alisimama pale. Akaanza kuhesabu ubaoni.

Simu thelathini. Plasta thelathini. Namba za siri thelathini hadharani, na wenyewe wako porini.

Akaenda kwa mama ntilie aliyeko mkabala, akaagiza ugali na mlenda, akafungua Samsung yake chini ya meza. Hakumaliza tonge la tatu. Land Cruiser nyeupe ilisimama mbele ya kibanda, mtu mmoja akashuka, akaongea na Revocatus kwa kichwa tu, akapewa kitu kidogo, akaondoka.

Nukta nyekundu ikaanza kutembea.

Walikuwa wamechagua mkosaji mpya. Mpwa mgeni, hana ndugu kijijini, anaingia porini wiki mbili. Hata mimi ningemchagua.

Sasa turudi barabarani.

Land Cruiser ilipunguza mwendo kabla ya kuingia mjini, ikakata kushoto, ikaingia kwenye uzio wa ghala la tumbaku la mtu binafsi. Nyamizi akaiacha Boxer kwenye korongo, akaruka uzio upande wa vichaka. Saa nane na nusu. Walinzi wawili, mmoja ana gobore, mwingine ana usingizi.

Akapita kwa yule wa pili.

Ndani, marobota yamepangwa mpaka darini. Harufu ya tumbaku inakata pua. Nyamizi alitambaa kati ya safu mbili mpaka akaona. Yule mtu wa Land Cruiser alikuwa Octavian, mnunuzi wa tumbaku, mtu wa shati jeupe na viatu vya kung'aa, anayesalimia kila mtu kanisani. Vijana wanne walikuwa wanapasua marobota na kusokomeza magunia madogo ndani. Gunia moja likachanika. Magamba yakamwagika, ya kahawia, yanagongana kama vifungo.

Simu ya mtego ilikuwa juu ya dashibodi ya gari lililoingizwa humo ndani, mlango uko wazi. Imechomekwa waya wa chaji.

Nyamizi alijiuliza kwa nini. Kisha akajua. Simu iliyozimika haichori ramani.

Octavian akaichukua, akasoma plasta, akabonyeza namba nne. Akapiga simu, spika wazi. Akaongea dakika moja na mtu mwenye Kiswahili cha kigeni, akamwambia mzigo utapakiwa behewani Igalula Alhamisi, yeye na mwenzake watulie kwenye nyumba ya wageni. Akakata. Akairudisha kwenye chaji.

Simu ya Nyamizi ilikuwa imeshampigia mnunuzi wa magamba.

Hapo vumbi la tumbaku likampanda puani.

Majasusi wengi wamekufa kwa risasi, wengine kwa sumu. Nyamizi alikaribia kufa kwa chafya. Alijibana pua, akajibana mdomo, macho yakamtoka. Chafya ikatafuta njia nyingine, ikaikosa, ikarudi na hasira.

Chhh.

Mwenye gobore akageuka.

"Nani huyo?"

Hatua. Moja. Mbili. Mdomo wa gobore ukatangulia kati ya marobota. Nyamizi aliushika, akauvuta mbele. Jamaa akaufuata, kwa sababu hakutaka kuachia mali ya bosi. Kiwiko kikamkuta chini ya sikio. Akalala juu ya tumbaku kama mtu aliyefika kwake. Nyamizi akamlaza vizuri na kumwekea gobore kifuani, ili akikutwa wadhani amesinzia kama mwenzake.

Dakika mbili baadaye alikuwa korongoni, ana pumzi nusu.

"Mlingoti, hapa Kware. Nimemwona malkia. Ni Octavian, yule mnunuzi wa tumbaku. Wanaazima simu za warina asali kwa Revocatus. Kila safari ina simu yake. Sixbert hakuwepo, Mkuu. Simu yake ndiyo iliyokuwepo."

"Una hakika?"

"Mimi mwenyewe sasa hivi nimo ndani ya ghala napiga simu kwa wageni."

 Sauti ya Mzee Sabiri ikalainika, na hilo ndilo lililomtisha Nyamizi. Alisema kazi nzuri. Alisema asiguse mtu. Waache behewa liondoke, walifuate mpaka pwani, wawapate wageni wote na walio nyuma yao. Wiki tatu, labda nne.

"Sixbert anasimamishwa kizimbani kesho saa tatu," Nyamizi alisema. "Shahidi wa mwisho ni huyo huyo Revocatus. Na wakili wa Sixbert ameshamshauri akiri kabla shahidi hajasema."

"Tukimtoa kesho, Octavian atajua tumejua."

"Akikiri kesho, ni mfungwa."

"Tutamtoa baadaye."

"Baadaye lini, Mkuu?"

Redio ikakwaruza, ikakatika. Haikuwa hitilafu ya mtambo.

Nyamizi alikaa juu ya pikipiki bila kuiwasha. Amri ilikuwa wazi: asiguse mtu, asitoe siri. Aliirudia kichwani mara tatu, jinsi sisi tulivyokuwa tunarudia jedwali la kuzidisha darasa la nne, akitafuta penye tundu.

Kuuliza swali hakukutajwa.

Ofisi ya wakili Najiat iko chini ya nyumba ya zamani karibu na soko, mlango wa mbao uliochongwa, pazia la kijani. Babu yake aliuza vitambaa humo humo. Nyamizi alimkuta peke yake, ushungi umelegea, miwani juu ya paji la uso, mbele yake kompyuta na kikombe cha kahawa kilichopoa.

Akamwamkia, akaitikiwa. Akasema yeye ni muuza asali wa Ipole, amekuja kwa ajili ya Sixbert.

Najiat alimwonyesha kiti. Alikuwa mtu wa kuongea akichoka, na siku hiyo alikuwa amechoka. Alisema zamani faili la kesi lilikuwa karatasi arobaini. Unalisoma ukinywa kahawa, unajua shahidi gani ana chuki na nani, askari gani alinakili maelezo ya mwenzake. Sasa Jamhuri wanakupa kidude kidogo cha kuchomeka, kurasa elfu sita, na siku nane za kusoma. Naye akanunua programu ya kumsaidia. Unaipa faili, unaiuliza, inajibu. Ilisoma zote kwa dakika tatu. Wakili mwenyewe angehitaji mpaka mfungo wa Ramadhani ujao.

"Ikasemaje?" Nyamizi aliuliza.

Najiat aliigeuza kompyuta amwonyeshe. *Simu ya mshtakiwa ilikuwepo eneo la tukio.*

"Nikachukua ramani nikaenda nayo mahabusu. Sixbert akaniambia simu ilikuwa kwa mchajishaji. Ameniambia mara tatu. Kila akisema, mimi namwonyesha ramani." Akajikuna chini ya ushungi. "Juzi akaniuliza kama sumu ya nyuki ikizidi mwilini inaweza kumtembeza mtu kilomita mia bila yeye kujua. Umeelewa? Ameanza kuiamini ramani kuliko miguu yake."

Nyamizi alitazama sakafu. Ilikuwa sakafu nzuri, ya saruji nyekundu, imepigwa nta.

"Wakili, naomba uiulize kitu kimoja. Simu hiyo ilikuwa inachajiwa wapi?"

Najiat alimtazama. Kisha akashusha miwani, akaandika. Mashine ikafikiri kidogo, ikajibu. Kwa siku tatu za safari ya mzigo, simu ilikuwa imechajiwa mara tisa. Mara zote tisa ilikuwa inatembea, mwendo wa kilomita sitini hadi tisini kwa saa.



"Sixbert ana baiskeli," Najiat alisema polepole.

"Ndiyo."

"Ipole huwa mnampa mchajishaji na namba ya siri?"

"Anaiandika mgongoni mwa simu. Kwenye plasta."

Najiat alisimama, akakaa. Alisema yeye ni mtoto wa mjini, simu yake hulala kwenye umeme wa kitandani, hajawahi hata siku moja kumwachia mtu. Hakuona cha kuuliza. Akasoma tena sentensi ile kwenye kioo, kidole kikitembea chini ya maneno.

"Imeandika simu ya mshtakiwa. Mimi nikasoma mshtakiwa."

Hakulia. Lakini aliifunga kompyuta kwa mikono miwili, kama anafunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Kisha akasema lile ambalo Nyamizi alitoka nalo na hajaliweka chini mpaka leo.

"Mwaka huu nimewashauri watu kumi na mmoja wakiri, kwa muhtasari wa mashine hii. Wangapi nilisoma mtu mahali palipoandikwa simu?"

Nyamizi aliinuka.

"Wewe ni nani?" wakili aliuliza.

"Muuza asali."

"Asali iko wapi?"

"Imekwisha."

Jumatano, saa tatu asubuhi, chumba cha mahakama kilijaa. Warina asali wa Ipole walikuja na fuso, wamevaa makoti kwenye joto. Nyamizi alikaa kiti cha nyuma, ndani ya baibui nyeusi, Glock yake imetulia. Safu mbili mbele yake, shati jeupe: Octavian alikuwa amekuja kuona kazi yake ikikamilika.

Sixbert akaingizwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono mikubwa yenye madoa ya moto na miiba. Alikuwa anatazama miguu yake.

Hakimu akauliza kama kuna jambo lolote kabla ya shahidi. Kila mtu alimtazama Najiat. Najiat akasimama, akasema hakuna, shahidi aje.

Octavian akageuza shingo kidogo.

Revocatus akaapa kwa Biblia, akaeleza alichofundishwa. Sixbert alikuja kibandani Jumatatu tarehe nne, akachukua simu yake kwa mkono wake, akapanda baiskeli akaondoka nayo. Yeye ni mchajishaji tu.

Zamu ya Najiat ikafika. Aliuliza kwa sauti ya kuulizia bei ya nyanya. Alitaka kujua huko alikokwenda Sixbert kuna umeme? Hakuna. Ana sola? Hapana. Ana gari? Watu wa Ipole wakacheka, hakimu akawatazama, wakakohoa. Najiat akasoma ukurasa wa elfu nne mia mbili na tatu wa taarifa ya Jamhuri yenyewe: chaji mara tisa, mwendo wa gari.

"Shahidi, baiskeli ya mshtakiwa inakimbia tisini?"

Revocatus akalamba midomo. Akasema labda alimwazimisha simu mtu mwenye gari.

"Mtu huyo angeifunguaje bila namba ya siri? Wewe wateja wako hukupa namba zao?"

"Hapana, mheshimiwa wakili. Hiyo ni siri ya mteja. Sisi hatuijui, hatuulizi."

Warina asali walitazamana. Mzee mmoja alifungua mdomo, mwenzake akamfinya.

Najiat aliomba kielelezo namba tatu. Karani akakileta: Tecno ya Sixbert, ndani ya mfuko wa plastiki, imelala chali vilevile ilivyopigwa picha miezi minne nyuma. Kisanduku cheusi kilikuwa kimesoma tumbo lake lote. Programu ya wakili ilikuwa imesoma kilichosomwa. Kurasa elfu sita mia moja na kumi na nne, na hakuna mtu mwenye mikono miwili aliyeigeuza.

Najiat akaigeuza.

Plasta ilikuwepo. Imechafuka pembeni. *SIX*, na chini yake tarakimu nne, mbili kati yao saba.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

Revocatus akasema hakumbuki.   Hakimu akampa karatasi na kalamu, akamwambia aandike tarakimu kuanzia moja mpaka tisa. Alifika saba, akaweka kalamu chini. Ile saba yake ina mkia na kofia. Haina ndugu Tabora nzima.

"Niliambiwa ni safari moja tu," Revocatus alisema. Akamtazama mtu wa safu ya tatu kutoka nyuma.

Shati jeupe lilishasimama.

Octavian alitoka kwa heshima, anaomba radhi kwa kila goti. Kwenye varanda akaanza kukimbia.

Hatua nne.

Baibui nyeusi ilikuwa imeegemea nguzo.

"Ndugu Octavian. Shahidi wako hajamaliza."

Mkono wake ukaingia mfukoni. Ulitoka na kisu cha kukunja. Nyamizi alimshika kifundo, akakizungusha kule ambako Mungu hakukipangia. Kisu kikalia sakafuni. Kiatu cha kung'aa kikateleza. Pingu zikasema neno lao moja.

Hakupiga hata risasi. Najua wengine mlikuwa mnaisubiri ile Glock tangu mwanzo. Poleni.

Simu ikatetema chini ya baibui.

"Nani amekuruhusu?" Mzee Sabiri aliuliza.

"Sijagusa mtu, Mkuu. Yeye ndiye aliyekimbilia mkono wangu."

"Nani amempa wakili yale maswali?"

"Yalikuwa kwenye taarifa yetu wenyewe. Ukurasa wa elfu nne mia mbili na tatu. Tuliuandika sisi."

Mzee akapumua. Akauliza kama angalau Octavian alikuwa na simu yake mwenyewe. Alikuwa nayo, iPhone mpya, mfuko wa shati. Nyamizi akaielekeza usoni kwa mwenyewe, ikafunguka. Mtu aliyejificha miaka miwili ndani ya simu za wenzake alikuwa ameweka kila kitu ndani ya yake: majina, picha za magunia, namba ya behewa, mpaka chumba cha wale wageni wawili kwenye nyumba ya wageni. Kabla ya adhuhuri wageni walikuwa kwenye gari la Ghorofa ya Tatu na taulo zao, na ghala limefungwa kufuli la Serikali.

Wiki tatu za Mzee Sabiri zilikwisha kwa saa mbili. Hakupongeza.

Ndani, Wakili wa Serikali alisimama, akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri. Sixbert akaambiwa yuko huru. Alibaki amesimama. Ilibidi askari amguse bega, amwonyeshe mlango kwa kidole, kama unavyomwelekeza mgeni stendi.

Nyamizi alikuwa amevua baibui. Alivaa miwani ya jua, akaanza kushuka ngazi taratibu, funguo za Boxer zikizunguka kidoleni, kama mtu aliyekuja kuuliza habari za leseni. Kila jasusi anajua kushuka ngazi hivyo. Hufundishwa.

Mwanamke akamshika mkono.

Alikuwa Benedikta, mke wa Sixbert, amevaa kitenge cha sherehe ambacho hakikujua kama kinakuja kwenye sherehe au msibani. Alisema wakili amemwonyesha kwa kidole: yule pale ndiye aliyeuliza lile swali la chaji. Akamshukuru kwa Kinyamwezi, akamshukuru kwa Kiswahili, hakumwachia mkono.

"Dada yangu, nina jambo moja. Wewe ni mtu wa kujuajua. Yule aliyemkamata mume wangu pale sokoni, unamjua? Sitamfanya kitu. Nataka nimwone uso tu."

Nyamizi alikuwa amedanganya mbele ya bunduki, mbele ya mabalozi, mbele ya mama yake. Hili lilikuwa jepesi.

"Simjui, dada. Hata mumeo mwenyewe ndiyo kwanza namwona leo."

Sixbert alikuwa amefika nyuma yao, viatu vyake havina kamba, mfuko wa nguo kwapani. Akamtazama Nyamizi, akasogea jua limpige usoni, akamtazama tena. Alikuwa na umri wa kumzaa, lakini miezi minne ya mahabusu humfundisha mtu kuamkia hata wadogo zake. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, afande," alisema. "Umepungua tangu siku ile uliponifunga pingu."

Mkono wa Benedikta haukuachia. Ulikaza.